Kikombe Nilichokiosha Kabla ya Kuaga Ndege

Mzee niliyemtunza kwa miaka minne katika nyumba ya wazee ya Saint Louis Park, huku ughaibuni, alikuwa mwanajeshi wa majini aliyezaliwa mbali na bahari kuliko mtu yeyote ninayemjua, hata mimi wa Nyandarua. Ujanani, siku za wiki alikuwa fundi wa mabomba ya maji. Wikendi alivaa sare, akapanda ndege ya doria na kwenda kutafuta nyambizi za adui. Kazi yake ilikuwa kukaa dirishani akitazama maji, saa kumi na mbili kwa safari moja. Siku moja nilimuuliza aliziona nyambizi ngapi. Akasema aliona nyangumi wengi sana, na nyambizi moja tu, nayo ilikuwa ya kwao.

"Sasa hiyo ilikuwa kazi gani?" nikamwambia.

"Zilijificha kwa sababu zilijua natazama."

Nikamvalisha soksi ya pili. Tulizungumza Kiingereza, chake cha puani na changu cha Nyandarua, lakini kichwani mwangu maneno yake yote nimeyahifadhi kwa Kiswahili, na huko ndiko yanakonichekesha zaidi.

Aliniita mgeni mpya. Siku niliyoajiriwa ilikuwa haki yake, kwa kuwa nilikuwa mpya kweli. Mwaka wa nne walikuwa wameajiriwa wengine kumi baada yangu, na bado mimi nilikuwa mgeni mpya. Alinieleza kwamba ndani ya ndege yao mgeni mpya ndiye aliyepika kahawa, na kahawa hiyo ilikuwa mbaya siku zote, na mgeni mpya alibaki mgeni mpya mpaka aje mwingine anayewafaa. Yeye mwenyewe aliipika miaka sita.

Kwenye droo ya soksi zake kulikuwa na kikombe. Kikombe kizito cha kauri, nje cheupe, ndani cheusi ti. Habari zake nilizijua nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyoniponza. Kilikuwa cha rubani wao. Rubani alipofariki kikaenda kwa aliyemfuata kwa umri, naye alipofariki kikaenda kwa mwingine, hivyo hivyo, mpaka kikafika kwa mzee wangu, mdogo wao na wa mwisho aliyebaki. Wote kumi walikuwa wamewekeana ahadi: siku ndege za aina yao zitakapostaafishwa, atakayekuwa hai atapanda mojawapo na kikombe hicho, anywe kwa niaba ya wenzake. Basi. Hilo ndilo deni pekee alilobakiwa nalo duniani, na alisema wazi kwamba anaogopa kufa kabla hajalilipa.

Halafu habari ikaja. Ndege hizo zilikuwa zikiondolewa kazini, nafasi yake ikichukuliwa na mpya zaidi, na moja ya zile za mwisho ingetua uwanja wa ndege wa hapa kwetu kwa alasiri moja, njiani kwenda kuegeshwa jangwani, zinakowekwa ndege zilizostaafu. Waliowahi kuruka nazo waliruhusiwa kupanda na kuziaga. Mzee alianza kunyoa ndevu kila asubuhi wiki mbili kabla ya siku yenyewe, kana kwamba ndevu nazo zilihitaji mazoezi.

Jioni ya kuamkia safari aliniambia, "Mgeni mpya, kifunge kile kikombe kwenye taulo, ukiweke mfukoni."

Hayo tu. Kufunga na kuweka. Lakini nilipokitoa kwenye droo nikachungulia ndani yake, na aibu ikanipanda. Nikawaza: kesho watu wa jeshi watamwona mzee huyu akinywa kwenye kitu kama hiki, na watauliza ni nani anayemtunza. Mama yangu alitulea kwa majivu na mchanga. Kwetu sufuria inasuguliwa nje na ndani, na mgeni anaweza kujitazama uso kwenye kitako chake. Mtu wa kwetu haendi kwenye sherehe na chombo kichafu, hata kama sherehe yenyewe ni ya chuma. Basi nikachukua magadi, sabuni na waya wa kusugulia sufuria. Ilinichukua karibu saa nzima. Uchafu ule ulikuwa kama lami. Nilipomaliza kikombe kiling'aa ndani kama jino la mtoto, nikajipongeza, nikakifunga kwenye taulo safi.

Asubuhi nilipika chai nyumbani kwangu Brooklyn Park, nikajaza themosi kubwa. Hakuna aliyeniagiza. Lakini nimewasindikiza watu wengi uwanja ule wa ndege, na sijawahi kuona Wakenya wakimsindikiza msafiri bila themosi na maombi. Ndege inasafiri, haisafiri? Basi.

Gari la nyumba ya wazee liliendeshwa na rafiki yangu, Mkenya mwenzangu wa shifti moja, mama wa maombi ambaye huombea hata mashine ya kufulia kabla ya kuiwasha. Mimi nilikaa mbele kando yake. Mzee alikaa nyuma, koti limepigwa pasi, akitazama dirishani. Tabia haiachi mtu.

"Na ile kikombe yake mmebeba?" rafiki yangu akaniuliza kwa Kiswahili. "Ile chafu?"

"Tumebeba. Na si chafu tena."

Gari likayumba kidogo.

"Aki wewe. Umeiosha?"

"Nimeisugua mpaka ikalia."

"Woi! Mimi nilitaka kuiosha kitambo, karibu ani-report kwa supervisor! Huwa haioshwi na sabuni, never. Si ni vile wanajeshi wa majini hufanya? Hiyo nyeusi ndani ni kahawa ya wale wenzake wote, tangu waanze ku-fly. Yaani hiyo ndiyo ilikuwa imebaki ya wao. Sasa umeiosha, na leo ndiyo siku yenyewe!"

Niliona yale maji meusi yakiishia kwenye tundu la sinki: rubani, na yule aliyemfuata, na yule wa tatu, wanaume tisa, wote nimewapeleka kwenye bomba la maji taka kwa magadi ya kupikia maharagwe.

"Mnazungumza nini huko mbele?" mzee akauliza.

"Msongamano wa magari," nikasema. Barabara ilikuwa tupu.

Nilifikiria kusema kwamba kikombe kimesahaulika. Nilifikiria kukivunja, Mungu anisamehe, kwa kuwa kikombe kilichovunjika ni ajali na kilichooshwa ni kosa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na gari lilikuwa limeshafika kwenye geti la upande wa jeshi.

Ndege yenyewe ilikuwa kubwa, ya kijivu, yenye mapangaboi manne na mkia mrefu mwembamba uliochomoza nyuma. Tumbo lake lilikuwa na viraka. Nilitarajia kitu cha kutisha, nikaona mzee mwenzake. Mzee wangu na ndege wakatazamana. Kisha mzee akakabidhi mkongojo wake kwa rafiki yangu na kuishika ngazi kwa mikono miwili. Ilikuwa na vidato vingi na vyembamba. Alipanda kimoja, akapumua, akapanda cha pili, nami nyuma yake nikimsukuma makalio kwa heshima zote.

"Taratibu, mgeni mpya," akasema. "Hiyo ndiyo injini yangu ya mwisho."

Ndani kulikuwa na harufu ya mafuta na ya viti vya zamani. Tulipokelewa na mwanamke wa makamo aliyevaa ovaroli, mmoja wa wahudumu wa safari hiyo, ambaye alimpigia mzee saluti. Mzee hakuuliza njia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha dirishani, akaketi, akaweka paji la uso kwenye kioo kilichobetuka kwa nje. Nje hakukuwa na bahari. Kulikuwa na lami, na lori la mafuta.

Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Nikampa taulo.

Alilifungua kwenye mapaja yake. Akachungulia ndani ya kikombe. Akakigeuza kwenye mwanga, akachungulia tena, kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta samani zote zimehamishwa.

"Nani?" akasema.

"Mimi," nikasema. "Jana. Nilidhani ni uchafu. Nilitaka uonekane unatunzwa." Nilikuwa nimemwaga kitu ambacho mzee huyu na wenzake walikilinda kwa miaka mingi kuliko umri wangu, na nilikuwa nimekimwaga kwa sifa zangu mwenyewe. Huo ndio ukweli, na nikamwambia hivyo hivyo.

Akapitisha kidole gumba ndani ya kikombe. Nikasubiri mshindo wake. Rafiki yangu nyuma yangu alianza kunong'ona zaburi.

Yule mwanamke wa ovaroli, ambaye hakujua kinachoendelea, akakohoa. Akasema anasikitika sana, lakini mtambo wa kahawa ulishang'olewa pamoja na vifaa vingine. Ndani ya ndege hakukuwa na kahawa hata tone.

Basi hapo tukawa kamili. Kikombe bila kahawa ya zamani, ndege bila kahawa mpya, na mzee aliyeahidi watu tisa.

"Nina chai," nikasema.

Akageuka polepole. "Chai."

"Ya maziwa. Na tangawizi."

Alinitazama, akatazama themosi, akatazama kikombe. Nikaona kidevu chake kinatetemeka, nikajua analia, kisha nikajua anacheka pia. "Rubani wetu," akasema, "angekutupa baharini." Akanyoosha kikombe. "Lakini mpishi ni mgeni mpya. Hiyo ni sheria. Mimina."

Nikamimina. Chai nyingine ikalowesha taulo. Alimtaja wa kwanza kwa jina lake la utani, akapiga funda. Akamtaja wa pili, akapiga funda. Kila mmoja alikuwa na neno lake: huyu alikoroma, huyu alidaiwa na kila mtu, huyu aliogopa maji. Wa sita alimtaja mara mbili kabla ya kupiga funda. Nilijaza kikombe mara mbili. Alipofika wa tisa alikunywa hadi mwisho, akajipangusa mdomo, na hapo ndipo alipotoa hukumu yake kwa sauti iliyofika hadi chumba cha rubani.

"Tangawizi ni nyingi mno!"

Rafiki yangu akaona huo ndio wakati wa maombi. Akafumba macho na kuiombea ndege ile kama mtoto wa kwetu anayekwenda kusoma ng'ambo. Aliombea mabawa, magurudumu, wanaoiongoza, jangwa inakokwenda na majirani itakaowakuta huko. Yule wa ovaroli aliinamisha kichwa tangu mwanzo hadi amina. Mzee alifungua jicho moja katikati.

"Kwa maombi haya," akaninong'oneza, "tungeshafika baharini na kurudi."

Tulisimama kando ya uzio ndege ilipoondoka. Mapangaboi yalianza kuzunguka moja baada ya jingine, na kelele ikaingia hadi kwenye meno. Mzee hakupunga mkono. Aliinua kikombe, akakishikilia juu mpaka ndege ikawa nukta na mkono wake ukachoka, nami nikamshikia kiwiko. Niliumia kumwona hivyo, na nilifurahi pia, na sikujua nifanye nini na vyote viwili kwa pamoja.

Garini alinirudishia kikombe. Ndani kulikuwa na duara la chai, la rangi ya udongo wa kwetu.

"Kifunge," akasema. "Na ukithubutu kukiosha, mgeni mpya, nitakushtaki jeshini."

Kuanzia siku hiyo alikunywa chai yangu kila nilipokuwa zamu, na kila mara alilalamikia tangawizi. Nilijaribu kuipunguza mara moja. Akauliza kama nimefilisika.

Alifariki wakati wa theluji, mchana, nikiwa zamu. Nilimlilia kama mtu wa kwetu, kwa sauti, na msimamizi alifunga mlango akaniacha. Wiki iliyofuata nilikuta taulo kwenye kabati langu la kazini, na ndani yake kikombe. Kulikuwa na karatasi yenye maandishi yake yaliyopinda: *Kwa mgeni mpya. Sasa wewe ndiye wa mwisho.*

Kiko rafuni jikoni kwangu. Kiangazi kilichofuata mama yangu alikuja kunitembelea kutoka Nyandarua, na siku ya pili tu alikuwa ameshaifanyia nyumba yangu ukaguzi. Nilimkuta sinkini, waya wa kusugulia mkononi, kikombe mkono wa pili, bomba limefunguliwa.

"Mama, wacha!"

Nilimpigia kelele mama yangu mzazi. Akashtuka. Akanitazama, akatazama ndani ya kikombe, na macho yake yakauliza ni nani aliyenifundisha uchafu.

"Ni cha mzee mmoja," nikasema, na machozi yakanitoka kabla sijaendelea. "Tuliaga ndege nacho. Hiyo ni chai yangu, mama. Ndiyo imebaki."

Mama alifunga bomba. Aliinua kikombe puani, akanusa kwa muda mrefu, akakirudisha rafuni mahali pake.

"Tangawizi," akasema, "ulitia nyingi."