Tarishi Mnyoosha Safu

Tarishi wa ofisi ya Mudiri, mtawala wa serikali wa sehemu ile, hakuweza kuona kitu kimekaa upande. Akileta barua, kwanza huzigonga mezani kwa viganja viwili mpaka kingo zilingane, ndipo husema, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeazima chumvi, "Hizi hapa, bwana." Mudiri akipita, tarishi husimama, akirudi, husimama tena. Miaka sita Mudiri alidhani hiyo ndiyo sauti yake yote.

Mwaka ule wa uchaguzi watu wa vyama viwili waliacha hata kugusana mabega msikitini, na Ijumaa moja Mudiri, aliyezoea safu ya mbele, akachelewa. Kumbe mnyoosha safu mpya ni tarishi wake. Viganja vilevile vilikuwa vikisukuma mabega na kulinganisha visigino. "Anayetaka nafasi peke yake, akasali kwake," alisema, kwa sauti iliyofika kisimani nje. Akamwona mkubwa wake mlangoni, akamshika bega, akamchomeka baina ya makatibu wa vyama vyote viwili, kwenye pengo lililoshinda bila wa kuliziba. "Sogea. Bado. Sogea." Mudiri akasogea.

Jumamosi barua zilikuja, kingo sawasawa. Mudiri alikuwa amejipangia maneno makali juu ya heshima ya serikali, lakini yakamtoka mengine. "Ijumaa ijayo niweke pengine. Yule wa kushoto ananipiga viwiko."

Tarishi akaweka kiganja kifuani. "Basi uwahi, bwana," akasema, kwa sauti ileile ya kuazima chumvi.