Simba Mwenye Miwani

Wewe unayesoma hapa, nina ugomvi na wewe. Kila siku unapita mbele ya lile duka la magodoro, unaona bango la simba aliyevaa miwani, herufi zinawaka moto, rangi saba zinapigana, na unasema, "Hawa wamejitahidi!" Basi jua umemmaliza shemeji yangu.

Shemeji ni mke wa kaka yangu. Anachora nembo na mabango ya kuagizwa. Hana bosi, na ofisi yake ni meza ya kulia chakula. Watu humwita Fundi Herufi. Ukimpa kazi, hagusi kompyuta kwanza. Anakuja kukaa dukani kwako kama mtu aliyekosa pa kwenda, anaangalia wateja wakiingia wanatupa jicho wapi. Kisha penseli, nyuma ya karatasi za kalenda ya zamani. Herufi moja anaifuta hata mara ishirini. Akiridhika, anachapa mchoro mdogo kama stempu, anaubandika kwenye mlango wa friji na kurudi nyuma hatua sita. Usiposomeka, anaanza upya.

"Mke wangu," kaka humtania, "friji hili lina picha nyingi kuliko chakula."

Mteja hupelekewa michoro mitatu. Wa kwanza ndio wenyewe. Wa pili unaukaribia. Wa tatu ni takataka, tena takataka ya makusudi. Mzee mmoja wa kiwanda cha uchapaji ndiye aliyemfundisha: mteja lazima akatae kitu ndipo ajione na yeye ana akili, kwa hiyo mpe cha kukataa.

Mwenye magodoro hakukataa. Alipomwona simba kwenye ule wa tatu, alipiga makofi.

Shemeji alijikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Tangu hapo kila mteja anaruka miwili ya mwanzo na kuangukia wa tatu. Mwenye saluni, fundi viti, hata daktari wa meno! Miaka miwili, hakuna mchoro wa kwanza hata mmoja uliopanda ukutani.

Mwezi uliopita kampuni ya kuchapa vitambulisho ikamwita kazini. Kubandika sura za watu kwenye fremu ileile, kutwa. Walitaka jibu Jumatatu. Akatuambia, "Bango la mwoka mikate likipita, siendi. Lisipopita, naenda, na penseli naweka chini."

Asubuhi nne alikaa pale kwa mwoka mikate. Akagundua watu hutazama ule mkato wa juu ya mkate kabla ya kitu kingine chochote, akauweka mkato huo kwenye herufi. Mimi niliuona mchoro nikiwa mlangoni, njaa ikaniuma, na nilikuwa nimetoka kula.

Safari hii hakuchora wa pili wala wa tatu. "Ujinga ukiufuga, unazaa," alisema. Nikamsindikiza.

Mama mwoka mikate alijifuta unga mikononi, akautazama.

"Mzuri. Mingine iko wapi?"

"Ni huu tu, mama."

"Huu tu? Sasa mwanangu, mimi nitachagua nini? Mtu hanunui viatu kwa kujaribu jozi moja."

"Tazama hapa juu, mama. Huu ni mkato wa mkate wako..."

"Mikate naiona tangu sijaolewa." Akatoa simu. "Nataka kama hii. Aliyechora hii, huyo ndiye fundi."

Simba. Na miwani yake.

Shemeji aliurudisha mchoro wake mkobani. "Ni mimi, mama."

"We! Si ungesema mapema? Wiki nzima unanizungusha, kumbe umeficha ufundi!"

Mchoro mpya wa mama, tembo aliyeng'ata mkate, ulimchukua dakika kumi na moja. Nilitazama saa. Hakuubandika kwenye friji, wala hakurudi nyuma hata hatua moja.

Jumatatu alienda kwenye vitambulisho. Penseli ziko jikoni kwenye kikombe, kaka anaandikia orodha ya sokoni. Nilimuuliza kama atarudi kuchora. "Shemeji, acha utani," akasema. Na sikuwa namtania.

Ule mchoro wa mkato bado uko kwenye friji, pembe zimeanza kujikunja. Yeye hutamsaidia tena, umechelewa. Lakini fundi mwingine atakuja kukukalia dukani siku nne bila kununua kitu, halafu atakuletea michoro mitatu. Nakuomba, chukua wa kwanza. Hata kama hujui kwa nini. Chukua, na huo wa tatu usiufunue kabisa.