Namba ya Musoki

Musoki alikuwa mwanamke wa kusema wazi. Sokoni Mudzipela, ukishikashika vitenge vyake bila kununua, alikuambia maneno ya kukutoa jasho. Lakini kidonda cha mwasho kule chini, mahali mtu hapaonyeshi hata jua, kilimfunga mdomo miezi sita. Kilianza wakati mume wake, Mumbere, amekwama Butembo kwa sababu ya vita. Sasa amerudi, angemwambia nini? Bunia ya mwaka ule wa 2002, askari kila kona, mwanamke akisema anaumwa pale, watu walijijazia wenyewe yaliyobaki.

Mwishowe alimwendea Domitille, muuguzi wa dispansari.

"Mficha uchi hazai, mama," Domitille alimwambia. "Panda kitanda."

Alikata kipande kidogo cha ngozi, kikafika kwa daktari wa Beni, naye akakipeleka Kampala. Jibu la kwanza lilirudi: si kansa, ila ngozi imeanza kuharibika. Ilibaki kujua virusi gani.

"Viko na namba," Domitille alieleza. "Sita ao kumi na moja, tutapaka dawa tu. Kumi na sita ao kumi na nane, ni vile vinaleta kansa, utaenda Beni wakukate haraka. Na usitafute nani alileta. Vinaweza kulala mu mwili miaka na miaka."

Shida, jibu lingepitia kwenye foni, redio ile ya mission ambayo ukikohoa Bunia, Beni nzima inakuambia pole. Haya gani hiyo! Wakapatana: daktari amtumie Musoki salamu zenye namba tu ya wimbo wa kitabu cha kanisa. Musoki anaimba kwaya, nani angeshangaa?

Wiki mbili zikapita. Kila risasi iliyolia ilimkumbusha barabara ya Komanda: wakiifunga, Beni atafika na mabawa? "Bado?" alimuuliza Domitille kila siku. "Bado."

Jumapili ya tatu, Théodore, mwalimu wa kwaya, alisimama mbele akitabasamu.

"Jana Kamate wa foni ameniletea salamu. Ndugu zetu wa Beni wanatuchagulia wimbo. Tusimame wote, namba kumi na sita!"

Yesu wangu! Kamate, mtu mwema kupita kiasi, aliona asimsumbue Musoki kwa habari za nyimbo, akaupeleka ujumbe moja kwa moja kwa mwalimu.

Kanisa lote likasimama, ngoma ikalia. Musoki alifungua kinywa, sauti ikakataa. Akajiambia: nikinyamaza tena, barabara itafungwa, nami nitaoza nikiwa hai kwa ajili ya aibu. Hapana! Na kwa kelele ile, nani angesikia? Alimgeukia Mumbere, aliyekuwa akiimba besi nyuma yake, akamwambia yote sikioni: kidonda, namba, Beni.

Mumbere aliacha kuimba. Musoki alikaza mwili, akingoja swali aliloliogopa: ni nani? Ni askari?

"Ni miye nilikuletea?" Mumbere aliuliza. "Zile safari zangu za zamani za Butembo..."

Watu walikuwa wameingia ubeti wa pili. Musoki alimtazama mwanaume huyu ambaye yeye alimwogopa muda wote ule, akaona naye alikuwa na woga wake, tena wa zamani. Machozi yakamtoka, ya hasira kuliko ya huzuni.

"Hiyo tutaiongea," alisema. "Kesho weye unanifikisha Beni."