Mikono ya Sweta ya Mzee Sebagenzi

Uwacu hajawahi kufuma kitu kimoja hadi mwisho bila kushika kingine katikati. Sebuleni kwake, mtaa wa Kimanga, kuna vikapu vinne, na kila kikapu kina kazi yake na wakati wake. Skafu ndefu ya mistari ni kazi ya mazungumzo: mikono inaifuma yenyewe huku mdomo ukiongea na mgeni. Shali nyeupe ya maua ni kazi ya kimya. Inataka mtu ahesabu kila tundu, na mgeni akibisha hodi inarudishwa kikapuni haraka. Kofia na soksi za watoto wachanga ni kazi ya foleni, kwa kuwa zinaingia kwenye mkoba na kufumwa popote watu wanaposubiri: bombani, zahanati, kikao cha wazazi. Kikapu cha nne ni cha sweta za shule, zinazoagizwa na wazazi wa milimani.

Maana huku chini, kando ya ziwa, hakuna anayevaa sweta. Mtu anatokwa jasho akiwa amekaa. Ndiyo sababu sweta nzito za mitumba hubaki chini kabisa ya balo, baada ya mashati na magauni kuondoka, na muuzaji hushukuru akimwona Uwacu anakuja. Yeye hatafuti nguo, anatafuta uzi. Anaigeuza sweta ndani nje na kutazama mshono wa kwapani. Kama kitambaa kilikatwa kwa mkasi, uzi utatoka vipande vipande, na sweta inarudi kwenye balo. Kama ilifumwa kwa umbo lake, uzi mmoja ukikatwa mahali panapofaa, mkono mzima unafumuka bila kukatika. Sweta zinazosubiri kufumuliwa hukaa kwenye kiti kimoja karibu na dirisha. Kila mtu wa nyumba hiyo anakijua kiti hicho.

Ijumaa ile mgeni aliyefika alikuwa mkubwa. Mzee Sebagenzi, baba mkwe wa Uwacu, aliyemzaa mumewe Ngoga, alishuka kwa pikipiki kutoka Mulenge kuja kuchukua miwani yake ya kwanza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulala katika nyumba ya mkaza mwana wake. Aliwasili amevaa sweta nene ya kahawia, akaivua mlangoni kwa joto, akaitundika kwenye mgongo wa kiti cha kwanza alichokiona. Majirani wakaanza kuingia kumsalimu. Ngoga, akitafuta viti, aliichukua sweta ile na kuiweka mahali ambapo nguo za aina hiyo huwekwa. Kabla hajaketi alikuwa ameshasahau.

Uwacu na mkwewe hawakuwa wameongea zaidi ya salamu, na haikuwa kwa sababu ya ugomvi. Kwao mkaza mwana hamtaji baba mkwe kwa jina, hapiti mbele yake ovyo, na hamwambii jambo moja kwa moja ikiwa mumewe yupo wa kulibeba. Mzee naye amefungwa na heshima hiyo hiyo kutoka upande wake.

Jumamosi asubuhi mawingu yalifunika milima na mvua nyepesi ikaanza, mvua ya kukaa ndani. Ngoga akaondoka na baba yake kwenda kwa daktari wa macho. Délice, binti yao mdogo, alikuwa bado amelala. Uwacu akachukua sweta ya juu kabisa kwenye kiti cha kufumua, ya kahawia, akaigeuza, akatazama kwapani, akafurahi. Ilikuwa kazi ya mtu aliyejua kufuma. Mikono yote miwili ilifumuka bila fundo hata moja, naye akauzungusha uzi kwenye mgongo wa kiti. Kabla ya saa sita, rangi ile ilikuwa imeingia katika vikapu vitatu: mstari kwenye skafu, kola kwenye sweta ya shule, na nusu ya kofia ya mtoto mchanga.

Kofia ilikuwa ya Agnès, jirani yake, mzaliwa wa Mutarule, anayeuza unga kwenye kona. Mdogo wake Noella alikuwa amejifungua, na Agnès aliingia akiwa tayari amefunga mwavuli kwa safari ya kwenda hospitali.

"Mama Délice, hii rangi umeitoa wapi? Iko kama chocolat."

"Kwa balo, Mama Vainqueur. Kaa kidogo, nafunga."

"Ifunge mbio. Mutoto asikae na kichwa wazi kama muzee wa parokia."

Akaondoka na kofia mvua ikizidi. Muda si mrefu wanaume wakarudi. Mzee Sebagenzi aliingia na miwani usoni, akasimama katikati ya sebule akitazama kila kitu polepole: kalenda, ufa wa ukutani, picha ya harusi, vikapu, kiti cha dirishani. Kisha akaketi na kumwambia mwanawe, "Ngoga, huku kwenu nako kunapoa. Unipatie ile mupira yangu ya baridi."

Mupira wa baridi ni sweta. Ngoga alienda kwenye kiti, akarudi, akaingia jikoni na kufunga mlango.

"Mama Délice, mupira ya baba iko wapi?"

"Mupira gani?"

"Ile ya brun. Niliiweka pale."

"Pale wapi?"

Ngoga akaonyesha kwa kidevu.

"Papa Délice. Uliweka mupira ya baba yako kwa kiti ya kufumua?"

"Minye nilikuwa natafuta fasi ya wageni."

"Ulipata."

"Iko na mikono bado?"

"Haina."

Ngoga akarudi sebuleni akiwa na jibu alilolitunga katika hatua chache za njiani. "Baba, iko imefuliwa. Haijakauka."

"Imefuliwa," Mzee akasema. "Na hii mvua."

"Ndiyo, baba."

"Sawa."

Jumatatu asubuhi pikipiki ingekuja kumchukua Mzee, na kule anakopanda watu huota moto hata mchana. Uwacu aliweza kumnunulia sweta nyingine, lakini tatizo lisingeondoka. Mzee angerudi kwenye ukoo wake bila sweta aliyokuja nayo, na wangemuuliza, na habari ya mke wa Ngoga aliyemfumua mkwewe ingetembea kutoka boma hadi boma. Angebaki kuitwa hivyo hadi azeeke. Mikono ilipaswa kurudi mahali pake.

Akaanza kuvunja kazi zake mwenyewe. Alifumua mstari wa skafu na kola ya sweta ya shule. Shali nyeupe ilikuwa imekalia sindano nene pekee alizonazo, akaihamishia kwenye njiti za baiskeli zilizochongwa ncha kwenye saruji, huku akiomba tundu lolote lisidondoke. Uzi wa kufumua hujikunja kama nywele zilizofumuliwa. Kwa kawaida huoshwa na kutundikwa na kitu kizito hadi unyooke. Huu ulifumwa hivyo hivyo, ukiwa umejikunja.

Agnès aliporudi kutoka hospitali alipelekwa moja kwa moja jikoni na kuambiwa yote kwa kunong'ona. Alicheka mpaka akakalia gunia la makaa.

"Lakini Mama Délice, si muzee haoni?"

"Alikuwa haoni. Asubuhi ametoka kuchukua miwani."

Hapo Agnès alihitaji maji ya kunywa. "Sasa nirudie kule nivue mutoto kofia?"

"Wacha. Mutoto hana kosa."

"Na minye nilisema iko kama chocolat. Kumbe iko kama baba mukwe."

Mchana wote Uwacu alikaa kwenye kona ya sebule na shali nyeupe imetandazwa magotini, sindano zikienda chini yake. Mzee akigeukia upande huo, zilisimama, na kidole kikapapasa ua jeupe kana kwamba linahesabiwa. Mzee akigeukia dirishani, zilianza tena. Mgeni akiingia, skafu ilitolewa juu na mkono wa sweta ukazama chini zaidi. Ngoga, ambaye kwa kawaida haongei sana na baba yake, siku hiyo aliuliza habari za kila ng'ombe, kisha za mama wa kila ng'ombe. Giza lilipoingia mkono mmoja ulikuwa umekamilika, na wa pili umefika kwenye kiwiko.

Tatizo la kesho yake lilikuwa kubwa kuliko miwani. Mzee Sebagenzi ni mzee wa kanisa, na katika familia yake Jumapili hakuna anayeshika kazi. Wakaenda ibadani, wakarudi. Uwacu aliandaa ugali na ndagala za ziwani, akapeleka chakula mezani, akarudi jikoni kukaa na kikapu miguuni, mikono imetulia. Mkono wa sweta ulioishia kwenye kiwiko hauwezi kupanda mlima. Alikuwa akifikiria namna ya kukiri alipomsikia Mzee akiinua sauti, kwa kiasi kinachotosha kuvuka mlango.

"Ngoga. Nikuulize kitu. Ng'ombe ikianguka mu shimo siku ya Mungu, tunaiacha mpaka kesho yake?"

"Hapana, baba. Tunaitoa."

"Basi umuambie Mama Délice, ile mukono ya pili iko mu shimo. Aitoe."

Jikoni kijiko kilianguka na hakikuokotwa.

"Baba," Ngoga akasema, "ulijua tangu lini?"

"Tangu miwani. Naingia mu nyumba, naona mukono yangu imefungwa kwa kiti kama kamba ya ndama. Nikasema, si minye wa kusema. Hii ni nyumba ya mukazana, muke ya mwana wangu." Akanywa maji. "Weye ukaniambia imefuliwa. Ukaniuliza ng'ombe yenye ilikufa kabla uzaliwe."

Kutoka jikoni kicheko kilichokuwa kimezuiwa tangu jana kikamponyoka Uwacu. Mzee akaendelea kula kama mtu asiyesikia.

"Umuambie tena," akasema. "Ile mupira ilikuwa inanibana hapa kwa kwapa tangu ninunue. Akifika hapo, aongeze."

Ikabidi apimwe, na mkaza mwana hawezi kumpima. Ngoga akasimama na kipande cha uzi, Uwacu akiwa upande wa pili wa mlango.

"Papa Délice, baba akunje mukono kidogo."

"Baba, unasikia?"

"Nimesikia. Nimekunja."

"Sasa uanzie kwa bega, usianzie kwa shingo."

"Naanzia kwa bega."

"Anaanzia kwa shingo," Mzee akasema, akiutazama ukuta.

Wakapima upya. Uwacu akatangaza, kupitia kwa mumewe, kwamba uzi wa kahawia hautatosha, kwa kuwa sehemu yake imevaliwa na mtoto hospitalini. Baba achague rangi ya kumalizia ncha za mikono. Ngoga alikuwa tayari kusema rangi yoyote, lakini baba yake aliinuka mwenyewe. Akaenda kwenye kiti cha dirishani, akashusha miwani puani, akaanza kupekua sweta moja baada ya nyingine. Nyeusi ilikuwa ya mazishi. Ya kijani aliiweka kando, kisha akairudia, kisha akaiacha. Alikaa huko muda mrefu kuliko mteja yeyote aliyewahi kuingia nyumba ile, na hatimaye akainua sweta ya rangi ya maziwa yaliyolala. "Hii," akasema. "Kwa mikono yote. Moja ikiwa tofauti, watauliza."

Mkono wa kwanza nao ukafumuliwa ncha na kwapa.

Alasiri ile, kwa mara ya kwanza, Uwacu alifuma sebuleni bila shali magotini. Vikapu vingine vilikaa vimefunikwa. Agnès akapita na mahindi ya kuchoma, akasimama mlangoni.

"Mama Délice, siku ya Mungu weye unafuma?"

Mzee akamjibu kabla Uwacu hajafungua mdomo. Agnès hakuwa mkwe wake, naye aliweza kumwambia lolote. "Hiyo haiko kufuma. Iko kuopoa. Leta hiyo mahindi."

Mshono wa mwisho wa kwapani, ule uliopanuliwa, ulifungwa kabla ya chakula cha jioni. Délice ndiye aliyetumwa kumpelekea babu yake nguo. Babu aliipapasa mikono, iliyokuwa na vinundu vya uzi uliojikunja, akaikunja sweta vizuri na kuiweka mapajani. Safari hiyo hakuitundika mahali popote.

Jumatatu mvua ilikuwa imekwisha. Jua lilitoka upande wa Burundi likiwa tayari kali, na ziwa lote likang'aa. Venant, dereva wa pikipiki, alikuwa amefungua vifungo vyote vya shati. Mzee Sebagenzi akatoka ndani amevaa sweta, mikono ya kahawia yenye ncha za rangi ya maziwa, jasho likimtiririka shingoni.

"Muzee, iko joto sana," Venant akasema. "Utaivaa kule juu."

"Twende."

"Baba, itoe kwanza," Ngoga akasema.

"Nimevaa."

Uwacu alisimama mlangoni, mahali panapostahili. Mzee hakumtazama. Alipanda pikipiki, akainua mkono wa kushoto juu kabisa, kisha wa kulia, mmoja baada ya mwingine, kama anayenyoosha viungo. Makwapa hayakubana popote. Wakaondoka.

Kesho yake Venant alipita Kimanga kuleta salamu. Wamefika salama, akasema, lakini hajawahi kumbeba mtu mgumu namna ile. Wakivuka bonde la Ruzizi, ambako hata mbuzi walikuwa wamelala kivulini, alimsihi aivue. Walipofika Sange wakanywa soda, uso wa Mzee umelowa, akamsihi tena.

"Alisema nini?" Uwacu akauliza.

"Alisema ati hapana, nyumba ya mukazana iko karibu bado. Munaweza kumuona ameivua."