Karatasi Nyekundu Kwenye Kioo

Baba yangu alilipwa lori. Kampuni ya zamani ilipofunga karakana aliyoifanyia kazi ujana wake wote, wenzake walipewa barua ya shukrani; yeye, badala ya mishahara aliyokuwa akidai, alipewa lori lile lile alilokuwa akiliendesha, nalo lilikuwa limeshachoka. Alirudi nalo mtaani kwetu Kapata, akipiga honi njia nzima, na majirani wakaja kutupongeza. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Nilifikiri tumetajirika.

Tulilihudumia lori lile kuliko lilivyotuhudumia sisi. Wakati wa mavuno lilikwenda Kasaji kuchukua mahindi na mihogo, na kila likirudi baba alilala chini yake siku mbili tatu, akigonga na kufungua. Injini yake ilikufa, akatia nyingine. Kabini ilioza, akatafuta ya lori lililopinduka, akaiunga kwa mikono yake. Mama alisema baba ameoa mke wa pili, na hakuwa akitania sana.

Mimi nikasoma, nikapata kazi kwenye lango la mgodi mmoja upande wa Kingamyambo. Nakagua magari ya wakandarasi kabla hayajaruhusiwa kuingia. Nina kofia ngumu, fulana inayong'aa na fomu ya kurasa mbili. Gari likifaa nabandika karatasi ya kijani kwenye kioo cha mbele. Lisipofaa, nyekundu, na sahihi yangu chini. Gundi yake haitoki kwa maji. Baba aliwatangazia watu kanisani kwamba binti yake ndiye mwenye lango.

Kwa hiyo mkandarasi mmoja alipotafuta malori ya kumwagia maji barabara ya mgodi, vumbi litulie, baba alinijia na daftari, aandike yote yanayotakiwa kwenye fomu. Aliniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake mzazi.

"Mama, unisomee bile bintu banaomba," alisema. "Byote. Mi nitafanya kimoja kimoja."

Nilimsomea ukurasa wa kwanza: breki, mikanda, taa ya kuzunguka juu ya kabini, chupa ya kuzimia moto, king'ora cha kurudi nyuma. Ukurasa wa pili unasema gari lisizidi umri fulani tangu litoke kiwandani, na umri husomwa kwenye kibati cha shasi, fremu inayobeba gari zima. Shasi ndiyo kitu pekee ambacho baba hakuwahi kubadilisha. Lori letu lilikuwa limeupita umri huo siku nyingi. Nilikunja fomu, nikamwambia ni hayo tu.

Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi na jibu halijawahi kuwa zuri. Nilikuwa nimeona malori mazee kuliko letu yakipita kwa neno moja la mkubwa wangu wa kazi, nikajidanganya kwamba na sisi tutapewa neno hilo. Tena niliogopa. Baba alikuwa akiandika huku anatabasamu, anarudia kila neno taratibu, nami sikuwa na moyo wa kumkatisha. Uoga wangu nikauita heshima.

Breki na gia zilitaka vipuri vya kweli, si vya kuungaunga. Baba akaamua kuuza mashine ya mama ya kusagia mahindi, ile ya uani ambayo mtaa wote ulikuja kusagia. Mama hakubisha. Aliniuliza mimi tu habari ya lori, beseni la unga likiwa mapajani mwake.

"Weye njo unajua kazi ya kule. Hii kamyo itapita?"

"Itapita, mama."

Wanunuzi walipokuja, alitoka mwenyewe kuwaonyesha jinsi ya kuiwasha. Walikuwa wa mtaa huo huo.

Siku ya ukaguzi baba alikuja asubuhi amevaa koti la kanisani. Lori lilikuwa limepakwa rangi ya buluu hadi kwenye rimu. Nilikagua ukurasa wa kwanza wote na kila kitu kilikuwa sawa. Sijaona lori la mkandarasi lililotengenezwa vile. Kisha mkubwa wangu akaja, akainama, akafuta kibati kwa kidole gumba.

Nilimfuata pembeni. Nikamkumbusha lori jingine, zee kuliko hili, alilolipitisha wiki iliyotangulia.

"Ile ilikuwa na mwenyewe, mtu mkubwa," alisema. "Bandika."

Baba alikuwa amekaa kwenye usukani. Nilipanda, nikabandika karatasi nyekundu mbele ya uso wake, nikaipitishia kiganja isibaki na mikunjo, kama ninavyofanya kila siku. Alitoa kichwa dirishani.

"Mama, iko kintu nilisahau?"

"Hapana, tata. Ni mwaka ya kamyo. Iko ku paji ya pili."

Aliutazama ukurasa wa pili wa fomu mkononi mwangu.

"Ya pili haukunisomea."

Akatia gia mpya, akarudi nyuma polepole, na king'ora kikalia vizuri kabisa, kama fomu inavyotaka. Nyuma yake kulikuwa na foleni, nikaita gari lililofuata.

Sasa lori linabeba mchanga na matofali ya wanaojenga. Vumbi la barabara ile bado linaingia nyumbani, na mama hubeba beseni lake hadi mwisho wa mtaa, anapanga mstari mbele ya mashine aliyokuwa akiiwasha mwenyewe. Hajanilaumu hata siku moja. Ningependa anilaumu.

Karatasi ingali pale kwenye kioo. Jumapili moja nilikwenda na wembe na petroli kidogo kwenye chupa, nikapanda kuikwangua. Baba alitoka ndani, akauchukua wembe mkononi mwangu bila hasira, akaelekeza kidole kwenye sahihi iliyo chini ya karatasi. Neno mama sikuwa nimelisikia kwake tangu siku ile ya langoni.

"Acha, madamu," alisema. "Iko na sinyatire yako."