Kigujarati Safi cha Mzee Vraji

Mzee Vraji wa duka la vifungo pale mtaa wa Asiatique ni mtu mpole kwa kila jambo, isipokuwa ukimgusia Gujarat, kule India. Jina lake kamili ni Vrajlal, lakini mafundi cherehani wa Buyenzi, wanaomjia kila asubuhi kutafuta zipu na nyuzi, walilipunguza jina hilo zamani kama wanavyopunguza suruali, na kilichobaki ndicho hicho. Yeye kazaliwa Bujumbura, baba yake kazaliwa Bujumbura, na kila jino alilong'olewa limetupwa Bujumbura. Hata hivyo ukimuuliza kwao ni wapi atakujibu Porbandar, mji wa huko Gujarat, tena kwa sauti ya mtu aliyeshuka jana na mizigo bado iko uwanja wa ndege. "Mkataa kwao mtumwa," hupenda kusema, huku akikuelekezea mkasi.

Porbandar kwenyewe alifika mara moja tu maishani. Alikaa wiki mbili, na nusu yake aliimalizia chooni. Siku ya kwanza alimwomba shangazi yake kisu, shangazi akabaki anamtazama. Akaomba fagio, wakaitwa majirani waje kumsikia. Maana Wagujarati wa huku kwetu, kwa vizazi vyote hivi vya kuishi kando ya Tanganyika, wameyaokota maneno ya watu bila kujua: kisu, fagio, sufuria, yote wanaamini walikuja nayo melini. Mtu mwingine angeona haya akajirekebisha. Mzee Vraji alirudi Bujumbura na maelezo yake kamili: watu wa Porbandar wameisahau lugha yao, masikini, na Kigujarati safi kimebaki huku.

Kilibaki, ni kweli, lakini kilikuwa kinabaki na watu wachache kila mwaka. Zamani jioni, mbele ya maduka, wazee wa Kigujarati walijaza viti na kubishana mpaka chai ipoe. Kisha ikaja miaka ya vita, wakaondoka mmoja mmoja, huyu Nairobi, yule Antwerp. Watoto wake wawili wa kiume nao wakafuata. Mkewe Sarla akafariki. Akabaki Bhavini, kitinda mimba, mfamasia, ambaye kila jioni hukaa na baba yake mezani wakazungumza Kigujarati juu ya mambo ya bure: bei ya nyanya, goti linalouma, jirani aliyenunua gari asilojua kuliendesha. Mzee Vraji hakumwambia mtu, lakini alipokuwa anafunga duka ni mazungumzo hayo aliyokuwa anayakimbilia, siyo chakula.

Basi Bhavini alipotangaza kwamba amepata mchumba, na mchumba ni Anbarasan, injinia wa minara ya simu anayekaa Mutanga Nord, tena Mtamili wa Madurai, kusini mwa India, mzee aliweka kijiko chini na hakukiokota mpaka kesho yake.

"Patron," Melchior, mfanyakazi wa dukani wa miaka mingi, akamwambia bosi wake, "si ulikuwa unaogopa ataleta Murundi? Ameleta Muhindi. Sasa unalia nini?"

"Huyo si kama sisi. Ni Mtamili."

"Si muongee naye Kihindi."

Hapo ndipo Mzee Vraji alipokuwa anachoka na dunia. Kwa miaka arobaini amewaeleza watu wa mji huu kwamba hakuna Kihindi kimoja cha Wahindi wote. Kile cha Delhi na sinema ni cha wenyewe. Kutoka Porbandar hadi Madurai ni mbali kama kutoka hapa mpaka Kinshasa, na lugha za watu hao hazina hata shangazi mmoja wa pamoja. Melchior alisikiliza akiwa anapanga vifungo.

"Na India ni inchi moja?"

"Ni moja."

"Namna gani?"

Mzee alifikiri. "Bendera," akasema. Kisha akaongeza, "Na kriketi."

Mama yake Anbarasan, Mama Vadivu, akaja kutoka Madurai kuposa. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Kitamili, mwembamba, mwenye miwani ya kuning'inia kwa kamba. Kijana alitoa onyo mapema: mama akiwa msichana wa shule aliandamana barabarani kupinga watu wa kusini kulazimishwa Kihindi cha Delhi, na tangu siku hiyo hajakitamka. Kiingereza anakijua, ila Mzee Vraji Kiingereza chake kinaishia kwenye namba za vifungo. Na Kifaransa mama alikiona kwenye chupa za manukato tu.

"Vizuri sana," akasema Mzee Vraji. "Mimi pia kwangu ni Kigujarati tu. Posa ya binti yangu haitaongewa kwa lugha nyingine. Kila mtu na chake."

Kwa hiyo Jumapili ile, sebuleni nyuma ya duka, watu watano walikaa hivi. Mama Vadivu na mwanawe upande huu. Mzee Vraji na Bhavini upande ule, na kando yao Melchior ndani ya suti ya harusi ya mdogo wake, kwa sababu desturi inataka bibi arusi awe na wajomba, na wajomba wa Kigujarati wote walikuwa Ulaya. Mama angesema Kitamili. Anbarasan angekigeuza kuwa Kiswahili, maana ndicho alichojifunza kwa mafundi wake juu ya minara, na ndicho alichomtongozea Bhavini. Bhavini angekigeuza Kiswahili hicho kuwa Kigujarati, akampa baba yake. Na majibu yangerudi njia hiyohiyo.

Sasa mpango huu ulikuwa na tobo, na kila mtu mle ndani alilijua isipokuwa mgeni. Mzee Vraji Kiswahili alikinyonya pamoja na maziwa. Kila neno lililopita katikati alilisikia wazi, kabla binti yake hajampelekea. Lakini alikwisha kuapa kwamba ni Kigujarati tu, na mwanamume haapi asubuhi akalikana neno lake mchana.

Mama Vadivu akafungua. Akasema kwa kirefu, akijipepea.

"Amma anashukuru kwa kutupokea," akasema Anbarasan. "Ila anasema hii nyumba iko na joto, na kiti kinamuumiza."

Bhavini akamgeukia baba yake, akasema kwa Kigujarati kitamu kwamba mama amefurahi mno kufika.

Mzee Vraji alifura kama andazi. Kiti kile alikichagua Sarla. Lakini angelalamikaje, wakati kulalamika ni kukiri kwamba amesikia? Akajibu kwa Kigujarati kuwa yeye hana haraka ya kumwoza binti yake kwa watu wanaokula pilipili mpaka machozi yanawatoka, halafu wanalaumu viti.

"Bapuji anauliza kama mulisafiri muzuri," akasema Bhavini, macho chini.

Melchior, ambaye Kigujarati alichookota dukani kilikuwa bei na matusi, alitambua neno moja au mawili, akakohoa ndani ya Fanta yake.

Wakaendelea hivyo. Mama akisema jambo kali, linalainika kidogo kwa mwanawe, likifika kwa Bhavini limekuwa asali. Mzee akirusha jiwe, linafika ng'ambo limekuwa ua. Kila hoja ilipomalizika, vijana waliifunga kwa neno lao, "Sawa," na Melchior naye aliitikia, "Sawa," na mama alikuwa anawatazama midomo yao kama anavyotazama mwalimu darasa linalonong'ona.

Mwisho ikafika habari ya jiko. Mama Vadivu akainua kidole.

"Amma anasema," akasema Anbarasan taratibu, "Wagujarati wanatia sukari kwa kila kitu, hata kwa dengu. Anaomba nyumba yetu ikuwe na sufuria mbili. Sufuria moja ya Bhavini, sufuria moja yangu."

Bhavini akavuta pumzi, akaanza kumweleza baba yake habari ya sufuria. Hajafika nusu, mama akagonga mkono wa kiti. Akamuuliza mwanawe kitu, akarudia, akatoa miwani akaisugua.

"Anauliza," akasema Anbarasan, "sufuria ni luga gani? Anasema amenisikia mi nasema sufuria, na sasa anamusikia Bhavini anasema sufuria kwa Kigujarati. Anasema haiwezekani."

"Ni Kigujarati," akajibu Mzee Vraji palepale. "Kigujarati safi."

Alijibu kwa Kiswahili. Mwenyewe hakujua. Wengine wote walijua.

"Patron," akasema Melchior polepole, "hata mama yangu kule Gitega alikuwa anasema isafuriya kwa Kirundi. Na yeye alikufa hajazungumuza na Muhindi hata mumoja."

Bhavini alijiziba mdomo asicheke, lakini hakuweza. Anbarasan akacheka, kisha akakumbuka kutafsiri, na mama alipoelewa mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka bila sauti mpaka kamba ya miwani ikamponyoka. Mzee Vraji peke yake hakucheka. Aliona uchungu, uchungu wa kweli, na uchungu huo haukuwa wa sufuria. Akamgeukia kijana, na safari hii alijua vizuri anaongea lugha gani.

"Haya, mwambie mama yako. Ni kweli. Kigujarati changu kiko na matobo. Porbandar walinicheka. Lakini ndicho niko nacho, na mutu wa kuongea nacho amebaki mumoja tu hapa Bujumbura. Ni huyu. Ukimubeba, jioni mi nitaongea na nani? Nitaongea na bifungo?"

Bhavini aliacha kucheka. Alimwangalia baba yake kwa muda, akashika mkono wake, na miaka yote ile ya bei ya nyanya na goti linalouma ikawa kama imempitia mbele ya macho. Hakuwa amejua.

Anbarasan alitafsiri. Safari hii hakulainisha kitu. Mama Vadivu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno machache, bila kumtazama mtu.

"Amesema nini?" akauliza Mzee Vraji.

"Anasema..." Anbarasan akajikuna shingo. "Anasema, alifundisha Kitamili watoto wa watu maisha yake yote. Na nyumbani kwake yeye pia amebaki na mutu mumoja. Anasema ni mi. Na mi niko huku, juu ya minara."

Mzee Vraji akamtazama yule mwanamke kwa mara ya kwanza tangu aingie. Alimwona alivyoketi kwenye kiti kinachomuumiza, mikono magotini, amesafiri siku mbili kuja kukabidhi alichonacho. Akainuka. Bhavini akataka kumfuata, akamzuia kwa mkono. Kutoka jikoni zikasikika sufuria zikigongana, akarudi na sahani ya sukari guru iliyovunjwavunjwa na mbegu za giligilani juu yake, ambavyo kwa Wagujarati huliwa posa ikikubaliwa, na kabla ya hapo havitolewi.

"Iko na sukari," akamwambia Anbarasan. "Mwambie anisamehe."

Anbarasan akafungua mdomo. Mama akamnyamazisha kwa kidole kilekile. Akachukua kipande, akakitazama, akakitia mdomoni na mbegu zake, akatafuna bila haraka, huku Mzee Vraji amesimama mbele yake na sahani.

"Sawa," akasema Mama Vadivu.

Mzee Vraji akaitikia sawa, akavuta kiti chake, akampisha akalie hicho.

Melchior alisubiri mpaka kila mtu ametafuna. "Patron," akasema, "miaka yote hii unanikatalia. Kumbe Kihindi kimoja cha Wahindi wote kiko."