Washauri wa Shemeji Yangu

Mimi si mtu wa kubahatisha. Niliondoka Ikinga na mfuko wa plastiki wenye suruali mbili, nikavuka mpaka na kufika Lusaka bila kumjua mtu. Mchana nilishusha magunia ghalani, jioni nilikaa darasani. Nilipopanda basi la kurudi nilikuwa na diploma ya uendeshaji wa biashara, ambayo mpaka leo imetundikwa ukutani kwangu ndani ya fremu ya kioo. Nilinunua kiwanja Chapwa, hapa Tunduma, wakati wengine wanakiona pori. Nilijenga nyumba ya tofali za kuchoma, nikaezeka bati la rangi, nikafungua duka la vifaa vya ofisi kando ya barabara kuu, lenye mashine ya fotokopi na kompyuta za intaneti. Nayasema haya ili ijulikane kwamba katika jambo ninalotaka kulieleza, mimi ndiye niliyesema kweli, na haikusaidia kitu.

Dada yangu mkubwa aliolewa na mfugaji wa bonde la Momba, mmoja wa wale waliohamia huko na mifugo yao kutoka kanda ya ziwa. Walikutana mnadani, dada akiuza viazi. Mahari yake ilipanda milima hadi kwetu kwa miguu, ng'ombe wa pembe ndefu waliowafanya majirani waache majembe shambani waje kutazama. Tangu siku hiyo shemeji yule alikuwa mtu mzito machoni petu. Alikuwa mrefu, mwenye kofia ya pama na fimbo, na alizungumza kana kwamba kila neno lilikuwa na mwenyewe.

Na kwao ndivyo lilivyokuwa. Mtu akiwa na jambo kubwa aliwaita majirani, wakakaa kando ya zizi, kila mmoja akatoa neno lake kwa sauti, mbele ya wenzake. Neno likishafuatwa, aliyelitoa alikuwa ndani ya jambo hilo. Likiharibika, alikuja bila kuitwa, na hakuja mikono mitupu. Nilimwona kwa macho yangu jirani mmoja aliyekuwa ameshauri mifugo ikanyweshwe upande wa chini wa mto. Ng'ombe waliugua. Jirani yule akaja na ng'ombe mtamba, akamfunga kwenye mti wa zizi, akala ugali, akaondoka, na hakuna aliyemshukuru wala kumlaumu. Ndiyo maana kule watu hushauri polepole, na wengi hunyamaza.

Miaka hiyo, Songwe ikiwa bado haijawa mkoa, mimi nilikuwa na jina kwenye jukwaa moja la mtandaoni, upande wa biashara na uchumi. Mtu akiuliza habari za ushuru au za kwacha, wenyewe walisema, "Ngojeni mkuu wa mpakani aje." Nami nilikuja, nikaandika, wakashukuru. Shemeji alikuwa akinikuta nikisoma majibu hayo na kucheka peke yangu.

Siku moja alikuja dukani akitoka mnadani, akaegemeza fimbo kwenye mashine ya fotokopi.

"Bwana Diploma," alisema, "wale watu wako wa kwenye kioo, wanajua mambo ya mali?"

"Wengine wanajua. Wengine wanapiga kelele."

"Hata zizini ni hivyohivyo. Waulize. Malisho yanaisha. Kila mwaka mashamba yanasogea, na mifugo mingine inaletwa. Vijana wangu wanataka mji. Niuze ng'ombe nijenge vyumba vya kupangisha hapa Tunduma, au nibaki nao?"

"Kwa nini usiwaulize majirani zako?"

"Majirani wana hali kama yangu. Wote tunatazama nyasi zilezile. Nataka neno la mtu anayetazama kutoka mbali."

Nikamwandikia. Niliandika vizuri, kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa: mali aliyonayo, shida aliyonayo, njia mbili zilizopo. Majibu yalianza kuingia kabla hajamaliza soda niliyompa, nami nikamsomea moja baada ya jingine.

Wa kwanza alisema ng'ombe ni mtaji uliolala, auze wote mara moja. Wa pili akasema huyo wa kwanza hajawahi kufuga hata kuku. Wa tatu aliuliza ni mfugaji gani huyo anayejua intaneti, wenzake wakacheka kwa maandishi. Kisha akaja mmoja aliyeandika kwa kujiamini sana: Tunduma malori yanakaa kwenye foleni siku nyingi, madereva wanahitaji pa kulala, vyumba vitajaa hata kabla rangi haijakauka.

"Huyo ni wa wapi?" shemeji aliuliza.

"Sijui. Anajiita tu jina."

"Ana watoto?"

"Nitajuaje, shemeji?"

"Lakini amesema."

"Amesema."

Hapo nikaingia mwenyewe. Niliandika kwamba mimi naishi hapahapa. Dereva wa lori halali chumbani, analala ndani ya lori lake akilinda mzigo na dizeli, na akipanga chumba ni kwa shughuli ya saa moja ambayo mzee mwenye heshima hawezi kuijengea nyumba. Niliandika pia kwamba auze sehemu tu ya ng'ombe, anunue shamba la malisho, abaki na wengine.

Walinirukia kama nyuki. "Mkuu, weka takwimu." "Mkuu wa mpakani naona anaogopa ushindani, ana nyumba za kupangisha huyo." "Mleta mada, watu wa hivi ndio wanaorudisha nyuma maendeleo." Mmoja aliniambia diploma yangu nikafungie maandazi. Nilimjibu ipasavyo. Akajibu. Mada nzima ikageuka ya kugombania nani amesoma wapi, na ng'ombe wa shemeji wakasahaulika. Nilipogeuka, mwenyewe alikuwa amekaa palepale, mikono juu ya fimbo, akisikiliza yale niliyokuwa nikiyasoma kwa hasira.

"Wanakutukana?"

"Hawana adabu."

"Hata mimi niliwahi kutukanwa kwenye kikao. Inatokea. Lakini wengi wamesema niuze, na hakuna aliyerudisha neno lake."

"Shemeji, watu hawa si kikao. Hawajui hata Momba iko wapi."

"Wewe umesema nisiuze wote. Nimekusikia, na neno lako nimeliweka mahali pake. Lakini ni moja." Akasimama. "Waandikie kwamba nimelikubali neno lao."

Niliandika. Yule wa vyumba alijibu upesi: "Hongera kwa maamuzi, mkuu. Siku moja utatukumbuka."

Nilimsomea hilo pia. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyepewa mkono wa makubaliano.

Ng'ombe walianza kuuzwa msimu huohuo. Kwanza wa zizini, kisha wale aliokuwa amewaweka kwa marafiki zake huku na huku, kwa desturi yao ya kutolaza mali yote mahali pamoja. Kwenda kumtolea rafiki ng'ombe uliyemkabidhi ni jambo gumu. Dada aliniambia kuna nyumba walikofika, mama wa pale akalia kama anafiwa, maana watoto wake walikuwa wamelelewa kwa maziwa ya ng'ombe yule. Shemeji aliwatoa wote. Alikuwa amekubali neno, na hakuwa mtu wa kulifuata nusu.

Vyumba vilijengwa kule kulikokuwa na maegesho ya malori. Vilikuwa vyumba vizuri, sikatai. Madereva walikuja kuvitazama, wakasalimia kwa lugha ya Zambia, "muli shani, tata", wakaomba maji ya kunawa, wakarudi kulala kwenye malori yao. Waliotaka kupanga walikuja na wasichana, na shemeji aliwafukuza kwa fimbo. Kisha maegesho yakahamishiwa upande mwingine wa mji. Upande ule ukabaki na vumbi na matairi mabovu. Watoto wake wa kiume, waliokuwa wametaka mji, mmoja akaingia Zambia na hakuleta habari, mwingine akawa mpiga debe. Mwishowe vyumba viliuzwa kwa bei ya kutupa, na mzee na dada yangu wakarudi bondeni, kwenye zizi lililoota magugu.

Nilikuwa nimeyasema yote haya kabla. Nina ushahidi, maandishi yangu yapo. Lakini nilipowatembelea, nikamwona dada yangu anakamua maziwa ya mbuzi mmoja wa kuazima, niligundua kwamba haki ninayo, lakini sina pa kuitumia.

Shemeji alikuja dukani baada ya mvua. Alikuwa amekonda, lakini kofia ilikuwa imefutwa vumbi. Hakukaa.

"Sasa waite," alisema.

"Nani?"

"Wale waliosema niuze. Waambie limeharibika."

Nilimtazama nikidhani anatania, maana mashemeji tulizoea kutaniana. Hakuwa anatania. Nilijaribu kumweleza. Nilimwambia watu wale wanaandika wakiwa kwenye foleni ya benki, wengine ni watoto wa shule, wengine hata jina si lao.

"Huenda hawajasikia," alisema. "Kule kwetu mtu huja mwenyewe kwa sababu anaona. Hawa wako mbali, hawaoni. Waambie."

Niliandika. Nilieleza kwa adabu yote niliyonayo, bila kumlaumu mtu, nikamtaja yule wa vyumba kwa jina lake la jukwaani. Wa kwanza akajibu: "Pole sana, ndiyo biashara." Mwingine: "Ushauri ni bure, maamuzi ni yako." Mwingine alitaka kujua vyumba viliuzwa kwa nani, na kama bado bei inashuka. Yule wa vyumba alionekana kwenye mada nyingine siku ileile, akimshauri mtu auze shamba la kahawa. Kwetu hakupita.

Nilikwenda bondeni kumwambia mwenyewe, ana kwa ana, kwa sababu mambo kama hayo hayasemwi kwa simu. Nilikuta zizi limefyekwa. Miti iliyooza ilikuwa imebadilishwa, mlango umefungwa kwa kamba mpya. Dada alikuwa ameloweka ulezi wa togwa kwenye chungu kikubwa, cha wageni.

"Mdogo wangu," aliniambia pembeni, "nimemwambia hawaji. Anasema mimi siwajui watu wazima walivyo."

Shemeji alikuwa amekaa mlangoni mwa zizi. Nikamsomea majibu yote kutoka kwenye karatasi niliyochapisha. Sikuruka hata moja.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Uliwaelekeza njia? Wakishuka Tunduma, wapande gari gani?"

Nilikunja karatasi. Nilirudi Chapwa, nikafanya kile ambacho mtu mwenye uwezo hufanya. Nilinunua mtamba mwekundu, mzuri kuliko wote waliokuwa mnadani, nikalipa gari la kumpeleka, na mimi mwenyewe nikakaa mbele na dereva. Nilimshusha, nikamshika kamba mpaka kwenye zizi lile jipya lisilo na kitu ndani. Dada alifunika mdomo kwa kanga. Nilidhani nimefunga habari.

Shemeji alisimama mlangoni, hakusogea.

"Ng'ombe mzuri," alisema. "Mrudishe."

"Ni wako, shemeji. Ni mwanzo tu."

"Wewe ulisema nisiuze. Huna kitu cha kuleta hapa."

"Ni zawadi basi."

"Nikimwingiza huyu, watakaokuja watakuta zizi lina ng'ombe, watasema jambo limekwisha." Aliweka fimbo yake ikaziba mlango. "Shemeji, usiwalipie watu wazima."

Dada alimsihi mbele yangu, kwa lugha ya wakwe zake, kisha kwa Kiswahili, kisha akamwita baba wa watoto. Yule mzee aliangalia barabara. Mtamba alikula magugu ya pembeni, nje ya uzio, mpaka dereva akapiga honi.

Aliishi mvua mbili zaidi, akichunga mifugo ya watu kwa ujira. Kila alipotoka asubuhi aliacha mlango wa zizi wazi. Nilimzika mimi, kwa jeneza zuri, na majirani walikuja wote, hata yule mama wa maziwa.

Mtamba nilimrudisha Chapwa. Amezaa nyuma ya nyumba yangu, na wapita njia wanamsifu. Nimempelekea dada maziwa yake zaidi ya mara moja. Huyapokea, huwapa majirani, na yeye hayanywi.